Injini ya Mama Limi na Mikono ya Mzee Ngasa

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Najua mtayasoma haya kwenye simu, mmekaa juu ya tairi mkisubiri mteja, vidole vina grisi na kioo kimeshapasuka. Haya, futeni mikono kwanza. Mimi nimeacha ufundi baada ya magoti kugoma, na mgongo nao ukafuata. Maisha yangu nimeyamalizia chini ya injini za dizeli, Shinyanga, Kahama, Geita na kwenye machimbo ya Mwakitolyo, na sikuja kuwasifia zamani, maana zamani tulikuwa na shida zetu tele. Nataka kuwaeleza habari ya presha ya oili kwenye injini iliyofumuliwa na kuundwa upya, na habari ya Mzee Ngasa aliyenifundisha kazi. Habari yake haifurahishi. Nimekaa nayo muda mrefu na inanichosha.

Mzee Ngasa alikuwa mtu wa Kishapu, ila gereji yake ilikuwa Shinyanga mjini. Mrefu, mwembamba, na akikusema unaweza kukosa usingizi. Siku niliyoripoti kwake nilikuwa na ovaroli mpya na kiburi cha kutosha. Hakunipa spana. Alinipa tambara, dizeli kwenye kopo na kipande cha chaki.

“Bloku hiyo hapo. Ioshe, uisome.”

Nikaiosha. Nikamtajia aina ya injini bila wasiwasi, kwa sababu jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya kifuniko cha hedi. Alicheka mpaka akakohoa.

“Hiyo ni kofia, ng'wanone. Mimi nikivaa kofia ya polisi nitakuwa polisi?”

Aliniita ng'wanone, mwanangu, kwa Kisukuma chake, tangu siku ile mpaka mwisho. Hata akinitukana aliniita hivyo.

Basi shikeni hili. Injini za mitumba zinazoshuka kwenye makontena zimeshapita mikono mingi kabla ya kufika kwetu. Hedi ya huyu, bloku ya yule, kifuniko cha mtu mwingine kabisa. Namba iliyogongwa ubavuni inaweza kusagwa ikagongwa nyingine, na wapo watu wanaoifanya kazi hiyo kwa unadhifu wa ajabu. Lakini zile herufi zilizovimba, zilizotoka pamoja na chuma kilipomiminwa, ni ngumu kuzichezea. Pitisha chaki juu yake, zitasimama nyeupe mbele yako. Kisha pindua bloku uchungulie chini ya silinda. Je, kuna vijibomba vya kurushia oili kwenye tumbo la pistoni, au hakuna?

Naulizia vijibomba kwa sababu kuna bloku mbili za silinda sita mnazokutana nazo kila siku huku kwetu, ndugu wa tumbo moja. Moja ni ya injini yenye tabo, ile ya kusukumia hewa ndani ya silinda, nyingine haina tabo. Kwa nje hutazitofautisha. Ya tabo ina vile vijibomba, na kwa sababu hiyo inataka pampu ya oili kubwa zaidi. Ukiifungia pampu ya mwenzake, asubuhi injini ikiwa baridi presha itakaa vizuri na utasifiwa. Ikishapata moto, oili ikawa nyepesi, presha inashuka na taa inawaka. Namjua fundi mmoja wa Kahama aliyebadilisha beringi, akapeleka krenki, ule mhimili wa injini, kuchongwa, akabadilisha beringi tena, mpaka yeye na mwenye gari wakawa wanaitana shemeji kwa jinsi walivyozoeana. Kuisoma bloku hakuwahi.

Na hiyo taa msiiamini sana, wala msiidharau. Inajua kusema kuna shida au hakuna shida, basi. Mkitafuta ugonjwa, toeni kihisio chake, fungeni pale geji ya mkono yenye sindano, muitazame injini ikiwa baridi, ikiwa moto, ikiwa sailensa, inajizungukia bila kukanyagwa, na ikiwa imekanyagwa. Sindano inaongea zaidi ya taa.

Taa ndiyo iliyoanza kumharibia Mzee Ngasa, nikikumbuka vizuri. Aliunda upya injini ya lori moja la kubebea pamba. Kazi safi, mimi mwenyewe nilipita pale gerejini kwake nikaiona, wakati huo nikiwa tayari na gereji yangu Kahama. Dereva wa lile lori alikuwa mvivu wa kupima oili. Taa ilipoanza kuwaka kwa sababu oili imekwisha, akaona inamsumbua macho, akaing'oa balbu. Akaendelea na safari zake akipiga mluzi mpaka injini ikanoki, ikafa katikati ya pori. Mimi na Mzee tulipofungua dashibodi tulikuta tundu la balbu ni tupu, na tulisema kwa kila aliyetaka kutusikia. Lakini dereva alikuwa ameshatangulia kwenye vijiwe vyote vya mafundi na habari yake: Mzee Ngasa mikono imeisha, haoni, anatetemeka, anasahau.

Hayo maneno yalimwingia. Nilikuwa nikipita kumsalimia namkuta amekaza bolti, anailegeza, anaikaza tena. Mtu aliyekuwa anafunga beringi huku anakusimulia mambo ya ng'ombe wa baba yake, sasa anafunga kimya, jasho linamtoka kwenye kivuli.

“Ng'wanone, hebu angalia hapa, nimekaza?”

“Umekaza, Mzee.”

“Una hakika?”

Nilidhani ni uzee tu. Nikamtania kwamba sasa amekuwa kama mwanafunzi siku ya mtihani. Hakucheka.

Katika hali hiyo ndipo alipopata injini ya Mama Limi.

Mama Limi alikuwa na duara Mwakitolyo, shimo lake la dhahabu, na kikundi cha wachimbaji waliomheshimu kuliko waume wengi wanavyoheshimiwa. Injini yake ilikuwa inaendesha pampu ya kutoa maji shimoni. Kwa ambao hamjafika machimboni, pampu ikisimama maji yanapanda, na yakipanda hakuna anayeshuka. Na ubaya ni kwamba duara la jirani nalo linachimba kuelekea mwamba uleule wenye dhahabu, chini kwa chini. Atakayetangulia kuufikia ndiye atakayeula. Kwa hiyo pampu iliyolala siku chache inaweza kuwa jasho la msimu mzima limekwenda kwa jirani.

Watu walimwambia asimpe Mzee Ngasa ile injini. Akampa, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa mteja wake. Mzee alinipigia simu siku aliyoipokea.

“Hii ikiniharibikia, ng'wanone, mimi basi. Hakuna atakayeniletea hata pikipiki.”

Akaiunda, ikapelekwa machimboni, ikafungwa, ikavuta maji vizuri. Baada ya muda mfupi Mama Limi akanipigia mimi.

“Baba Kulwa, taa ya oili inawaka. Tumezima. Mzee wako yuko hapa, hasemi kitu. Njoo.”

Nilifika asubuhi na geji yangu kwenye begi. Wachimbaji walikuwa wamekaa juu ya viroba vya mawe, wamejikunyata, wanaangalia mdomo wa shimo kama watu waliofiwa. Mzee Ngasa alikuwa amesimama peke yake upande wa pili wa injini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama.

“Babu ametumaliza huyu,” mchimbaji mmoja alisema, tena kwa sauti.

Mama Limi alimnyamazisha kwa mkono. Kisha akaniambia mbele ya wote, “Nataka kujua jambo moja. Ni injini, au ni mkono wake? Kama ni mkono, sitamtukana, ni sawa na baba yangu. Lakini hatagusa injini tena hapa, na nitawaambia wenye maduara wote. Siwezi kuwaficha wenzangu.”

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba alikuwa na haki.

Nikafunga geji. Tukawasha. Presha ilipanda vizuri, ikakaa. Injini ikapata moto, sindano ikaanza kushuka polepole. Nikaongeza mwendo. Hapa nisikilizeni: beringi zikiwa zimelegea, au pampu ikiwa ndogo, ukikanyaga sindano hupanda, hata kama ni kidogo. Ile haikupanda. Nilivyozidi kukanyaga ndivyo ilivyozidi kushuka. Nikazima haraka.

“Tunywe chai,” nikasema.

Wachimbaji walinguruma. Walidhani nimechanganyikiwa, maji yanapanda na fundi anataka chai. Lakini sikutaka chai, nilitaka injini ikae kimya huku ikiwa bado na moto wake. Tulipowasha tena, oili ikiwa ya moto vilevile, presha ilirudi juu kama ya asubuhi. Halafu ikaanza kushuka tena. Beringi mbovu haziponi kwa kupumzika. Kilichokuwa kinapona ni kitu kinachonyonywa kikaziba mdomo wa pampu, na injini ikizimwa kinaachia, kinaanguka. Nilijua tayari kwamba shida iko kwenye chujio, kule chini kwenye sampu, bakuli la oili.

Moyo ulinipoa kidogo. Nikajisemea pengine ni vipande vya gasketi, au gundi iliyozidi. Hayo ni makosa, lakini si ya kumzika mtu.

Tukamwaga oili, nikalala chini, nikafungua sampu. Kwenye waya wa chujio kulikuwa na kitambaa cheusi kimejibandika, kimechanika, na uji wa unga wa mizizi umeganda pembeni yake. Kulikuwa bado na kipande cha uzi uliofungwa fundo. Ninyi mmezaliwa huku, sina haja ya kuwaeleza nilikuwa naangalia nini. Ilikuwa dawa ya mganga, ilifungwa vizuri ikawekwa ndani ya sampu, halafu moto wa oili ukaufungua ule mfuko. Na kitu cha namna ile hakipiti kwenye tundu la kujazia oili. Lazima kiwekwe kabla sampu haijafungwa.

Sampu Mzee Ngasa aliifunga mwenyewe. Hakuwahi kumruhusu mtu mwingine kufunga sampu.

Nilibaki nimelala pale chini, oili inanidondokea shingoni. Huyu ndiye mzee aliyekuwa akiwafukuza gerejini madereva waliofunga hirizi kwenye usukani. Aliwaambia chuma hakiogopi uchawi, kinaogopa vumbi. Nilihisi aibu, si kwa ajili yake, nilihisi aibu kwa ajili yetu sote tuliomcheka.

“Umeona nini?” Mama Limi aliuliza.

“Uchafu, Mama. Chujio limeziba.”

“Uchafu wa nani?”

Nilikuwa nimeshakikunja kile kitambaa ndani ya kiganja, na nilikuwa natafuta uongo wa kufaa. Viatu vya Mzee Ngasa vikaja karibu na kichwa changu. Akachuchumaa, kwa shida.

“Fungua na beringi,” alisema.

“Mzee, hakuna haja. Shida nimeshaiona.”

“Fungua zote, ng'wanone. Nataka kuona.”

Nikafungua. Nilitoa kofia za meni, beringi kubwa zinazobeba krenki, moja baada ya nyingine, nikaweka ule uzi laini wa plastiki wa kupimia nafasi, nikakaza, nikafungua, nikampa atazame. Kila mahali uzi ulikuwa umebanwa sawasawa, kwa upana uleule. Beringi za kondrodi, mikono ya pistoni, vilevile. Beringi zilikuwa zinang'aa bila mkwaruzo, Mungu alikuwa ameihurumia ile injini kwa sababu waliizima mapema. Nikamulika bloku. Ilikuwa ya tabo, vijibomba vyote vipo, na pampu ilikuwa ile kubwa inayotakiwa. Ubavuni, kwenye zile herufi zilizovimba, chaki ilikuwa bado haijafutika. Plagi ya njia kuu ya oili, ile ambayo mafundi wengi tunaisahau baada ya kuosha bloku, ilikuwa mahali pake.

Nimefungua injini nyingi zilizoundwa na watu wenye macho ya ujana. Ile ilikuwa safi kuliko zote. Sisemi hivyo kwa kumhurumia.

“Mzee,” nilimwambia kwa sauti ya chini, “hukukosea popote. Mikono yako ni mizima.”

Alikaa chini kabisa, kwenye vumbi lenye oili. Alitazama kofia ya beringi aliyoishika, akaigeuza, akaigeuza tena. Nilidhani atafurahi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechelewa mazishi ya nduguye.

Halafu akamwita Mama Limi kwa Kisukuma, kama anayemwita mama yake.

“Mayu, kitambaa alichokificha huyu ni changu. Nilikwenda kwa mganga upande wa Bukombe. Nilimwambia mikono yangu imekufa, akanipa dawa, akasema niiweke pale damu ya mashine inapopita. Nikaiweka. Injini yako haina kosa. Mimi ndiye niliyeiziba.”

Nilitegemea matusi. Wachimbaji wakatazamana, na yule aliyesema babu ametumaliza akainamisha kichwa.

“Mzee wangu,” Mama Limi alisema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko nilivyowahi kuisikia, “kumbe ni hilo tu? Hapa nani hana dawa? Mimi yangu iko chini kule kwenye mwamba. Ungeniambia, ningekwambia uiweke juu ya injini, usiiweke ndani.”

Wachimbaji walicheka, kicheko cha watu waliopumua. Mmoja akamletea Mzee maji ya kunawa. Wengine wakaanza kumwita fundi wetu. Nikaosha chujio, nikafunga sampu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Mzee Ngasa aliniachia niifunge mimi. Tukaweka oili mpya, tukawasha. Presha ilipanda ikakaa, baridi na moto, na maji yakaanza kutoka shimoni yakiwa na rangi ya matope. Mama Limi alimshika Mzee mkono mbele ya watu wote, akasema, “Wabeja, asante, Mzee. Jina lako liko palepale.”

Mimi nilifurahi. Nilitania, nilikula nao wali, niliona mambo yamekwisha. Mzee Ngasa hakula. Njiani kurudi aliniuliza mara moja tu.

“Zote zilikuwa sawa?”

“Zote, Mzee.”

“Basi nilikuwa najua kazi,” alisema, “siku ileile niliyokwenda kwa mganga, nilikuwa bado najua kazi.”

Nilimwambia asijali, neno la kijinga ambalo watu husema wakitaka mtu anyamaze, na akanyamaza.

Alifunga gereji yake mvua zilipoanza, akarudi Kishapu. Vijana, mtu asiwadanganye kwamba kilichomwondoa ni watu. Watu walimsamehe siku ileile, tena walimpenda zaidi. Mwakitolyo nzima ilikuwa inajua kwamba injini ya Mama Limi ilifunguliwa ikakutwa haina doa, na wenye maduara walianza kuniuliza, yule mzee wa mikono mizuri yuko wapi?

Mwakitolyo haikusahau. Ikafika siku Mama Limi mwenyewe akapata injini ya pili, akanituma nimfuate. Alisema hataki mtu mwingine aiguse, hata mimi. Nilipanda pikipiki mpaka Kishapu nikiwa na furaha kama mtu anayepeleka posa. Nilimkuta nje ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, anasokota kamba za katani za kufungia ndama. Nilimwamkia, nikaketi chini, nikamweleza yote. Bloku nimeisoma, ni ya tabo, vijibomba vipo, Mama Limi anakusubiri wewe tu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Vidole vyake havikusimama. Alikuwa anapitisha nyuzi tatu nyembamba moja juu ya nyingine, anakaza, anapitisha tena, bila kuangalia, na kamba ilikuwa inatoka imenyooka.

“Waambie mikono imeisha,” alisema.

“Mzee, mimi nakuona.”

“Waambie hivyo, ng'wanone. Ni mizima, ila mimi niliikana kwa mganga.”

Nilirudi Mwakitolyo nikawaambia hivyo. Mama Limi alisikitika, akasema uzee hauna huruma, na injini akanipa mimi.